Ngome Zilizogeuzwa Chambo

Mzee aliyekuwa akituzungusha kwenye makumbusho ya ndege ya Duxford, Uingereza, alipiga goti chini ya tumbo la B-17, ndege ya mabomu ya Kimarekani, akagonga kioo cha tufe kwa kifundo cha kidole. "Hapa ndipo alipokaa mtu," akasema. "Mgongo chini, magoti yamekunjwa kifuani, kwa muda wa saa tano, sita."

Tufe lenyewe lina upana wa mita moja na kidogo. Ndani yake mna bunduki mbili za rashasha, risasi, na nafasi iliyobaki ndiyo ya binadamu. Mwavuli wa kurukia haukuwa na pa kuwekwa, kwa hiyo mara nyingi aliuacha juu, ndani ya ndege. Ndege ikipigwa, ilimbidi kwanza alizungushe tufe mpaka mlango uelekee juu, atoke, autafute mwavuli, auvae, ndipo aruke. Umeme ukikatika, alizungushiwa kwa mkono na wenzake waliokuwa juu, kama bado wako hai.

Mzee akanipima kwa macho. Mimi si mrefu.

"Wewe wangekuchukua," akasema.

Kundi zima likacheka, nami nikacheka nao. Lakini wakati basi la kurudi Cambridge linaondoka, neno lile lilikuwa bado limenikaa, na wiki zimepita halijatoka. Wangenichukua. Akina nani hao? Na walijua nini kuhusu safari waliyokuwa wakimpeleka huyo mfupi mwenzangu?

## Ubishi wa darasani

Tangu shule ya msingi mimi ni mshabiki wa ndege za Vita Kuu ya Pili. Tulikuwa watatu darasani, na ubishi wetu kuhusu ndege bora ya kivita haukuwa na mwisho: Spitfire ya Waingereza au Mustang ya Wamarekani? Mmoja wetu alishikilia Zero ya Wajapani ili tu atuudhi. Tulijua kasi, idadi ya bunduki, nguvu za injini. Spitfire ilishinda kwa uzuri, maana lile bawa lake la umbo la yai halijapata mpinzani mpaka leo. Hurricane, nayo ya Waingereza, ambayo katika mapambano ya mwaka 1940 juu ya Uingereza ilitungua ndege nyingi kuliko Spitfire, haikuambulia hata kura moja. Ilikuwa na sura ya kawaida mno.

Ndege za mabomu kwetu zilikuwa mapambo. Lancaster, B-17, B-24: madude makubwa ya polepole ambayo ndege nzuri ziliyasindikiza au kuyatungua. Kwamba ndani ya kila B-17 mlikuwa na vijana kumi, tulikijua kitu hicho kama tulivyojua urefu wa mabawa yake.

Nilipoanza kutafuta jibu la swali la Duxford nilishangaa jinsi ubishi wetu ulivyompita pembeni yule mtu wa kwenye tufe.

## Jina lililokuwa ahadi

Boeing walipoitoa ndege ile hadharani Seattle, Julai 1935, mwandishi mmoja wa gazeti aliona bunduki zimechomoza kila upande akaiita ngome inayoruka. Jina likaganda. Na halikuwa jina la kujisifu tu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na imani nzito ya zama zile. Mwaka 1932 Stanley Baldwin aliliambia Bunge la Uingereza kwamba ufanye ufanyalo, ndege ya mabomu itapita tu. Huko Alabama, kwenye shule ya mbinu za vita vya anga ya Maxwell Field, maofisa wa Kimarekani waliigeuza imani hiyo kuwa hesabu: ndege zikiruka juu sana, zikashikamana kwa mpangilio, bunduki za kila moja zikamlinda jirani yake, hazitahitaji msindikizaji.

Imani hiyo ilikuja kupimwa kwa watu.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Tarehe 17 Agosti 1942, B-17 kumi na mbili zilishambulia Rouen, Ufaransa, zikiwa na Spitfire pembeni, na zote zikarudi. (Rubani wa ndege iliyoongoza siku hiyo aliitwa Paul Tibbets. Miaka mitatu baadaye ndiye aliyeirusha Enola Gay hadi Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye nchi ya migodi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Habari hiyo haistahili kuwekwa kwenye mabano. Nitaiandikia siku yake.)

Lakini Rouen ni ng'ambo tu ya mfereji wa bahari kutoka Uingereza. Viwanda vya Hitler havikuwa Rouen.

## Zilipogeuka wasindikizaji

Tarehe 14 Oktoba 1943, siku ya Alhamisi, B-17 zipatazo 291 zilitumwa Schweinfurt, mji wa Bavaria uliokuwa ukitengeneza beringi. Hoja ilikuwa ya kuvutia kwenye makaratasi: kila kifaru, kila injini ya ndege, kila kitu kinachozunguka kinahitaji beringi, hivyo ukiua beringi umeua vita. Mji uleule ulikuwa umeshashambuliwa Agosti, siku moja na Regensburg, na ndege 60 hazikurudi. Sasa walirudishwa tena.

Ndege za kuwasindikiza zilikuwa P-47 Thunderbolt, na zilikwenda nao mpaka karibu na Aachen. Hapo mafuta yalifika kikomo. Zikageuka.

Mbele kulikuwa na kilomita kama 300 za kwenda peke yao, na kisha kurudi.

Wajerumani walikuwa wameshajifunza kusubiri. Hawakuwa na haraka ya kupigana na P-47. Walikaa pembeni mpaka waone mikia yake inaelekea Uingereza, ndipo wakaja kwa zamu: ndege za injini mbili zikirusha roketi kutoka mbali, mahali ambapo bunduki za B-17 hazifiki, ili kuuvunja mpangilio, kisha ndege za injini moja, Bf 109 na Fw 190, zikiwavamia waliotawanyika, zikishuka chini kuongeza mafuta na risasi na kupanda tena. Ndege 60 zikapotea, moja kati ya kila tano, na nyingine kadhaa zilifika nyumbani zikiwa mabati ya kutupwa. Watu wapatao 600 kwa mchana mmoja.

Wakati huo mtu alitakiwa kumaliza safari 25 ndipo aruhusiwe kwenda nyumbani. Piga hesabu mwenyewe.

Nilipofika hapa nikalazimika kukubali jambo ambalo mshabiki halipendi. Ile ngome haikushindwa kwa sababu ilikuwa mbovu. B-17 ilikuwa ndege ngumu ajabu, iliyorudi na injini mbili zimezimika na mkia umetoboka. Kilichoshindwa ni wazo la watu waliokuwa ofisini, na yule wa kwenye tufe ndiye aliyetumwa kulithibitisha.

## Mafuta, mafuta, mafuta

Hakuna mtoto anayebandika ukutani picha ya tangi la mafuta. Lakini ukiniuliza leo ni kitu gani kiliamua vita vya anga juu ya Ujerumani, nitakuonyesha tangi, tena la karatasi.

Wajerumani wenyewe walikuwa wameshaadhibiwa na jambo hilo mwaka 1940. Bf 109 ilifika London ikiwa na dakika kumi hivi za kupigana, kisha taa nyekundu ya mafuta inawaka na rubani anaanza kuhesabu upana wa bahari iliyo kati yake na nyumbani. Spitfire ilikuwa hivyo hivyo. Ilijengwa kulinda nyumba, na nje ya uwanja wa nyumbani haikwenda mbali. Mwaka 1941 mkuu wa jeshi la anga la Uingereza, Charles Portal, alimweleza Churchill kwamba ndege ya kivita ya masafa marefu haiwezi kamwe kupambana sawasawa na ya masafa mafupi. Churchill hakufurahi, lakini wataalamu wengi waliona vivyo hivyo.

Walikuwa na sababu. Ona Zero ya yule rafiki yangu mbishi: ilikwenda mbali kuliko zote za wakati wake, na sehemu ya bei ya umbali huo ilikuwa kutomwekea rubani bamba la kumkinga na kuyaacha matangi bila kinga ya kuziba matundu ya risasi. Ikipigwa vizuri mara moja, inawaka.

Wamarekani walichukua njia nyingine: beba mafuta ya ziada nje, yatumie ya kwanza, adui akitokea yadondoshe. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo viwanda vya Uingereza vikatengeneza matangi kwa karatasi ngumu iliyoshindiliwa kwa gundi. Tangi moja lilibeba zaidi ya lita 400, yaani kuliko mafuta yote ya ndani ya Spitfire za mwanzo. Halikuweza kukaa na mafuta muda mrefu kwa sababu yalikuwa yakila gundi, hivyo lilijazwa karibu na wakati wa kuruka. Shida iko wapi? Halikuundwa lidumu. Lilikuwa na kazi ya asubuhi moja, na likianguka kwenye shamba la Mjerumani halimpi hata kipande cha chuma cha kuyeyusha.

Nimelipenda tangi hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mustang nayo ina hadithi yake ya Duxford, na nilikuwa nimesimama juu ya uwanja wenyewe bila kujua. Ndege hiyo ilizaliwa kwa sababu Waingereza mwaka 1940 waliomba kampuni ya North American iwatengenezee ndege ya kampuni nyingine, P-40. Kampuni ikajibu kwamba inaweza kuunda iliyo bora. Mfano wa kwanza ukatoka kiwandani baada ya siku 102, mwili mzuri lakini wenye injini ya Allison iliyochoka mapema ikipanda juu. Aprili 1942 rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, Ronald Harker, aliirusha hapo hapo Duxford, akashuka na wazo: mwili huu uwekewe Merlin mpya, injini ya Rolls-Royce iliyokuwa ndani ya Spitfire. Ikawekwa. Ndege iliyokuwa inahema futi 15,000 ikawa inapumua vizuri futi 30,000.

Halafu nyuma ya kiti cha rubani wakaweka tangi jingine. Likiwa limejaa, mkia ulikuwa mzito na ndege ikawa kigeugeu mikononi, kwa hiyo marubani walijifunza kulipunguza mapema. Ongeza na matangi mawili chini ya mabawa. Machi 1944 Mustang zilikuwa juu ya Berlin, zaidi ya kilomita 800 kutoka viwanja vyake.

Hapa ndipo ushabiki wangu unaponikwaza. Sauti ya Merlin ni nzuri, aliyeisikia anajua. Injini hiyohiyo iliyoilinda London ndani ya Spitfire ndiyo iliyozibeba Lancaster nyingi mpaka Hamburg, Julai 1943, ambako zaidi ya watu 30,000 walikufa kwa moto katika usiku wachache. Na Lancaster nazo zililipa: katika kamandi ya ndege za mabomu za Uingereza walikufa 55,573. Injini haina habari.

## Kibao ofisini

Nilidhani jibu langu limekamilika: tatizo lilikuwa umbali, umbali ukatatuliwa, vijana wakasindikizwa, wakapona. Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Lakini Januari 1944 Jenerali James Doolittle alikabidhiwa Jeshi la Nane la Anga, la Wamarekani waliorukia Uingereza. Hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya meza. Alikuwa na shahada ya udaktari ya uhandisi wa anga, na miaka miwili kabla aliongoza mwenyewe B-25 kumi na sita kwenda kuishambulia Tokyo. Siku za mwanzo alikwenda ofisi ya Jenerali William Kepner, mkuu wa ndege za kivita, akaona kibao ukutani. Kilisema kwamba kazi ya kwanza ya ndege hizo ni kuzirudisha ndege za mabomu zikiwa salama.

Doolittle akaagiza king'olewe. Kiwekwe kingine: kazi ya kwanza ni kuziangamiza ndege za Wajerumani.

Soma tena vibao hivyo viwili, ukiwa umekaa ndani ya tufe.

Kuanzia hapo Mustang na Thunderbolt hazikulazimika kung'ang'ania ubavuni mwa B-17. Ziliruhusiwa kutangulia, kuwinda, kumfukuza adui mpaka chini kwenye majani ya uwanja wake. Na adui angepanda kwa nini? Kwa sababu ya mabomu. Ndege za mabomu zilikuwa na kazi mbili sasa: kupiga viwanda, na kumtoa samaki majini.

Makamanda wa ndege za mabomu walimjia juu, wakasema anawaua watu wao. Tarehe 6 Machi 1944, juu ya Berlin, Jeshi la Nane lilipoteza ndege za mabomu 69, hasara yake kubwa kuliko zote za siku moja. Hata hivyo zikaendelea kutumwa.

Na mpango ukafanya kazi. Hilo ndilo linalonisumbua. Adolf Galland, mkuu wa ndege za kivita za Wajerumani, aliripoti kwamba kati ya Januari na Aprili 1944 alipoteza marubani zaidi ya 1,000, na miongoni mwao walikuwa wale ambao hakuna shule ya kuwarudisha. Viwanda vya Ujerumani viliendelea kutoa ndege, tena nyingi kuliko kabla. Ndege zilikuwepo, marubani hawakuwepo, na kuanzia Mei viwanda vya mafuta navyo vikaanza kupigwa. Eisenhower, mkuu wa majeshi ya washirika, aliwaambia askari wake kabla ya kutua Normandy, Ufaransa, kwamba wakiona ndege za kivita juu yao, ni zetu. Alikuwa hajisifu.

Uzeeni Doolittle aliandika kwamba kuwaachia wawindaji wale ulikuwa uamuzi wake mkubwa kuliko yote ya kijeshi.

## Mikia myekundu

Kuna kamanda mwingine aliyetazama kazi hiyohiyo kwa jicho tofauti, na simuoni akitajwa inavyostahili kwenye ubishi wa ndege bora.

Benjamin O. Davis Jr. alisoma West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, miaka minne bila wanafunzi wenzake kumsemesha isipokuwa kikazi, kwa sababu alikuwa mweusi. Alimaliza mwaka 1936. Mwaka 1944 alikuwa kanali huko Ramitelli, Italia, akiongoza kundi la 332, marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, na Mustang zao zilipakwa mikia rangi nyekundu. Msimamo wake kwa vijana wake ulikuwa mkali: mnakaa na ndege za mabomu. Mtu asiziache akimbilie kujitafutia sifa ya kutungua.

Fikiria ugumu wa agizo hilo. Sifa ya rubani wa kivita ni idadi ya aliowatungua, na hawa walikuwa watu ambao jeshi lao lenyewe lilikuwa limeshatilia shaka kama wanaweza kurusha ndege. Waliihitaji sifa kuliko mtu yeyote.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu. Utafiti wa kumbukumbu ukaonyesha kwamba walipoteza kama 27, ila ni chache kuliko wastani wa makundi mengine ya Jeshi la Kumi na Tano la Anga, lililokuwa Italia. Binafsi hadithi hii ya pili naiona nzuri zaidi. Ile ya kwanza iliwafanya malaika.

Je, Davis anamsuta Doolittle? Nilitamani iwe hivyo. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa nikiliandalia aya tamu, halafu tarehe zikaniharibia. Kundi la 332 lilianza kurusha Mustang kiangazi cha 1944, wakati marubani bora wa Galland walikuwa wameshakufa wakikimbilia chambo cha Doolittle. Inawezekana Davis alipata nafasi ya kuwa mwaminifu kwa sababu mwingine alikuwa ameshafanya uwindaji. Inawezekana pia kwamba wangekuwa wamekufa vijana wachache zaidi kama kila kundi lingekuwa na Davis wake. Zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mimi sina mizani ya kuzipima.

Jeshi la Nane peke yake lilizika, au lilishindwa kuzika, watu wapatao 26,000. Wale waliotumwa Machi 1944 hawakuulizwa kama wanakubali kuwa chambo. Waliambiwa shabaha ni kiwanda fulani, hali ya hewa ni hii, mizinga iko hapa na hapa.

Ningekuwa na cheo cha Doolittle Januari ile, pamoja na yote aliyoyajua kuhusu Normandy inayokuja, nadhani ningeking'oa kile kibao. Ningekuwa kwenye tufe, ningemchukia kwa moyo wote, na jioni hiyohiyo ningeandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Italia.